Skafu ya kwanza, na kile kitanda kinachouzwa Kisumu

SWALI: Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine hapa Njoro, na nimebaki na makoni kadhaa ya uzi wa akriliki. Nataka kujifunza kufuma nguo kwa mkono, nianze na skafu. Nilipigilia misumari kwenye fremu ya picha nikajaribu. Kipande kilianza na upana wa sentimita 30, kufika katikati kikawa 21, na nyuzi za katikati zikalegea. Kuna mtu Kisumu anauza kitanda kikubwa cha mfumi, kile cha kufumia nguo kwa kukanyaga kwa miguu, upana mita 1.2, kimekaa stoo kwa miaka. Je, ninunue hicho ili nijifunze vizuri? Na sufu ya kondoo wa Molo itafaa?

JIBU: Usikinunue bado, dada. Tutakirudia mwishoni, maana huenda ni kizuri kabisa. Lakini kiuno kilichoingia kwenye kipande chako hakikutokana na udogo wa fremu. Ukihamia kwenye kitanda cha mita 1.2 na mkono huohuo na uzi huohuo, utapata kiuno kilekile, ila utakuwa umeharibu kilo mbili za uzi badala ya gramu hamsini.

Neno kufuma tunalitumia kwa sweta, kwa kroshia na kwa nguo ya kitandani mwa mfumi, na nadhani hilo limekuponza. Sweta ni uzi mmoja unaojikunja vitanzi. Ukiuvuta kidogo, kitanzi hutanuka kisha hurudi, kwa hiyo mkono wa mfuma sweta huzoea kukaza. Nguo ya kitandani haina vitanzi. Ina mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwanza kwa urefu, na ina mshindio, uzi unaopita kwa upana, juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Hakuna kinachotanuka. Ukikaza, nguo yenyewe ndiyo inayosogea.

Chukua kikoi cha pamba ukitazame kwa karibu. Yale matamvua ya mwisho ni ncha za mtande. Mistari ya rangi inayokwenda na urefu iliamuliwa siku ya kutanda, kabla mshindio wa kwanza haujapita. (Leso ni habari nyingine, rangi zake zimechapwa juu ya nguo iliyokwisha kufumwa.) Sasa kata kipande cha kikoi kikuukuu chenye upana wa sentimita 10 kamili, uchomoe uzi mmoja wa mshindio bila kuunyoosha. Utauona una mawimbi madogo kama maji yaliyopigwa na upepo, kwa sababu ulikuwa ukipanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande. Unyooshe juu ya rula, utazidi sentimita 10.

Ile ziada wewe hukuipa kipande chako. Ulipitisha mshindio moja kwa moja ukauvuta ukakaa sawa, kwa hiyo sentimita 30 za nguo zilipata sentimita 30 za uzi. Lakini uzi ule ulihitaji kama sentimita 33 ili upande na kushuka. Zile 3 uzi ulizichukua wapi? Pembeni. Uzi wa ukingoni ulivutwa ndani kidogo, ukavutwa tena safari iliyofuata ya mshindio, na kila safari nguo ikapungua hata ikafika 21. Upungufu wa safari moja ni mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ndiyo maana mtu hushtuka akiwa katikati ya kazi.

Dawa yake ni kilima. Pitisha mshindio, ufikishe ukingoni uguse uzi wa pembeni bila kuuvuta, kisha kabla ya kushindilia (kuubana kwenye nguo iliyokwisha) usukume katikati kwa kidole uinuke kama mgongo wa kilima. Kwa upana wa sentimita 28, kilima chenye kimo cha sentimita 6 kinakupa ziada inayokaribia kumi kwa mia. Ndipo ushindilie, nacho kilima kitajigawa chenyewe kwenye mawimbi. Ukiona vijitanzi vinatokeza pembeni, au uzi unafanya vinundu katikati, kilima kilizidi. Ukiona kingo zinaingia ndani, kilikuwa kifupi. Pima upana kila baada ya sentimita 5 za nguo. Kupungua sentimita moja, hata moja na nusu, kutoka upana wa kwanza ni kawaida. Zikifika mbili, fumua urudi nyuma mpaka pale upana ulipokuwa sawa, kwa sababu nguo iliyokwisha kubana haipanuliwi kwa kulegeza safari zinazofuata. Utapata kiuno kisha bega, basi.

Nyuzi za katikati kulegea, hapo fremu ina kesi ya kujibu. Nyuzi 60 zikivuta kila mmoja kwa uzito wa gramu 200 tu, jumla ni kilo 12. Fremu ya picha imeundwa kubeba kioo, haikuundwa kuvutwa kilo 12. Ubao wenye misumari ulipinda kuelekea ndani, na palipopinda zaidi ni katikati, ndiyo maana nyuzi za hapo zikalegea huku za pembeni zimekaza. Na uzi wako wa akriliki ukaongezea lake.

Nyuzi za akriliki za sweta zimesokotwa kwa ulegevu ili ziwe laini na zipate joto. Zikivutwa hurefuka, zikiachwa hurudi taratibu. Ukizifanya mtande, unafuma juu ya kitu kilichorefuka, na siku ya kukata nguo kwenye fremu hujikusanya, skafu ya sentimita 180 ikawa fupi kuliko ulivyohesabu. Tena zina manyoya. Nyuzi mbili jirani zikisuguana hushikana, mwanya (nafasi kati ya nyuzi za juu na za chini, anamopita mshindio) haufunguki vizuri, na mshindio huruka nyuzi ambazo ulipaswa kupita chini yake.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Kata sentimita 50 za kila uzi ulio nao na uzi mmoja wa pamba, uzitundike kwenye msumari, ufungie kila mmoja chupa yenye maji gramu 200. Pima jioni, pima asubuhi, kisha ondoa chupa upime baada ya dakika kumi. Uzi uliorefuka sana haufai kuwa mtande wa mwanafunzi. Halafu chukua kipande kingine ukisugue mbele na nyuma kwenye meno ya kitana cha nywele mara ishirini. Ukiota manyoya, nao haufai. Pamba iliyosokotwa nyuzi mbili au zaidi kwa pamoja hufaulu majaribio yote mawili. Akriliki yako usiitupe. Ni mshindio mzuri, kwa sababu mshindio haukai kwenye mvuto. Tanda pamba, pitisha akriliki.

Sufu ya Molo vilevile ni mshindio kwanza. Sufu iliyosokotwa kwa mkono ina mahali pembamba na mahali panene, na kwenye mtande itakatikia palepale pembamba. Ioshe kwa maji vuguvugu bila kuisugua, maana sufu ikisuguliwa kwenye maji moto hugandamana ikawa kama blanketi gumu. Sufu ya skafu ni ile ya mabegani na mbavuni, isiyochoma shingo. Ya mapajani na tumboni waachie wafuma zulia. Na hiyo fremu ya misumari, ukiitengeneza upya kwa mbao za inchi mbili kwa mbili zenye pembe zilizokazwa kwa vipande vya plaiwudi, ndiyo mahali pa zulia dogo: mtande wa pamba nene nyuzi mbili kwa sentimita, na mshindio wa sufu unaoshindiliwa mpaka mtande usionekane.

Kwa skafu fremu ya misumari haitoshi hata ikiwa imara, kwa sababu nguo haiwezi kuwa ndefu kuliko fremu. Unahitaji kitu chenye magogo mawili, moja la kuhifadhi mtande ambao bado haujafumwa, jingine la kukunjia nguo iliyokwisha. Fundi wa mbao anaweza kukuundia kwa siku moja. Mbao mbili za saiprasi za ubavuni, inchi tatu kwa moja, urefu sentimita 60. Mbili za kuziunganisha, sentimita 45. Magogo ni mipini miwili ya jembe iliyonyooka. Ni ya duara tayari, ni migumu, na unene wake ni karibu sentimita 4 unaotakiwa. Izungushe mezani kabla ya kununua, mpini uliopinda utaruka ukiviringika. Kwenye ncha ya kila gogo toboa tundu la kupitisha msumari mrefu kama mkono wa kuzungushia, na kwenye ubavu funga skrubu mbili au tatu. Ukishazungusha gogo, msumari unaufunga kwa kamba kwenye skrubu. Wengine hutaka meno na kizuizi cha chuma, nayo ni mazuri, lakini kamba hukupa mvuto wowote unaoutaka, wakati meno hukupa jino hili au lile. Kabla fundi hajapiga gundi, mwambie apime pembe kwa pembe, kulia juu mpaka kushoto chini, kisha kushoto juu mpaka kulia chini. Vipimo viwili vikitofautiana hata nusu sentimita, kitanda kimekwenda upande na nguo itakwenda upande.

Kifaa kinachohitaji uvumilivu ni kitana. Ndicho kinachopanga nyuzi, kinachofungua mwanya, na ndicho kinachoshindilia, kazi tatu kwa kifaa kimoja. Chonga vibao 35 vya mianzi, kila kimoja upana milimita 6 na urefu sentimita 12. Katikati ya kila kibao toboa tundu la milimita 2. Vipange wima kati ya fito mbili juu na fito mbili chini, na baina ya kibao na kibao weka njiti ya kiberiti ili nafasi iwe moja kote, kama milimita 2. Gundi ikikauka ondoa njiti. Ongeza vibao viwili vinene visivyo na tundu, kimoja kila mwisho, kwa nguvu tu. Sasa una matundu 35, na ukitumia mianya 35 (nafasi za baina ya vibao), ni nyuzi 70 katika sentimita 28, yaani nyuzi mbili na nusu kwa sentimita.

Piga msasa kila upande, kisha ingiza mkono ndani ya soksi nyembamba ya nailoni uupapase kitana chote. Popote soksi itakaponasa, uzi utakatika. Kwenye matundu ingiza uzi mnene uliopakwa nta ya mshumaa, uuvute huku na huku mpaka uteleze.

Uzi wa kitana hicho unaupimaje? Namba za kwenye lebo zisikusumbue, nusu ya makoni ya sokoni hayana lebo hata hivyo. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko ikae ubavu kwa ubavu bila kubanana wala kuachana, ujaze sentimita 4. Hesabu mizunguko, gawanya kwa mbili, kisha gawanya kwa nne. Hizo ndizo nyuzi za mtande kwa sentimita moja. Unagawanya kwa mbili kwa sababu kati ya uzi na uzi wa mtande lazima pabaki nafasi ya mshindio kupita. Uzi unaofaa kitana chako ni wenye mizunguko kama 20 kwenye sentimita 4. Ukipata 40, uzi ni mwembamba nusu ya unavyotakiwa, nawe waweza kutanda mbili kwa pamoja kama uzi mmoja. Akriliki ya mashine ya sweta karibu daima itakuwa hivyo, kwa hiyo pitisha mbili au tatu pamoja, upime zikiwa pamoja. Nyuzi chache mno kwa sentimita zitakupa wavu. Nyingi mno, utashindilia mpaka jasho na nguo itakuwa ngumu kama gunia.

Sasa hesabu ya skafu yako. Tuseme unataka sentimita 25 kwa 180 baada ya kufua. Upana kitandani ni 28, kwa sababu utapungua kidogo ukifuma na kidogo ukifua. Nyuzi ni 28 mara 2.5, yaani 70. Urefu, chukua 180 uongeze ishirini kwa mia, nusu ni ya mawimbi ya mtande wenyewe, nusu ni ya kufua, unapata 216. Ongeza 50 za upotevu, ile sehemu ya mbele ya kufungia na ya nyuma ambayo kitana hakiwezi kufika, na humo ndimo utakapopata matamvua. Jumla 266, sema 270. Nyuzi 70 mara mita 2.7 ni mita 189 za mtande. Mshindio, safari mbili na nusu kwa sentimita katika kama sentimita 200 utakazofuma ni safari 500, kila moja sentimita 31 pamoja na kilima chake, yaani mita 155. Pamba ya unene huo huwa na kama mita 210 mpaka 230 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 100 za pamba kwa mtande zinatosha, lakini kwa shida. Nunua 150. Ukipungukiwa mtande, huwezi kuunga.

Safari 500 hizo zishike pia kwa ajili ya bei. Mwanafunzi akipitisha moja kwa dakika, ni saa nane na dakika ishirini za kufuma pekee, mbali na kutanda. Wengi huuza skafu ya kwanza kwa bei ya uzi.

Kutanda ndiko kunakoamua nguo, na ndiko wanafunzi wanakokimbilia kumaliza. Tenga asubuhi nzima watoto wakiwa shule. Kaza kitanda kwenye meza isiyoyumba, gogo la mbele, la kukunjia nguo, likitazama dirisha. Sentimita 270 kutoka gogo la nyuma, la mtande, funga kijiti imara kwenye grili ya dirisha. Kiti hakifai. Kiti husogea milimita chache kila unapovuta, na uzi wa mwisho utakuwa mfupi kuliko wa kwanza. Kwenye gogo la nyuma funga kwa kamba ufito mwembamba, na uzi unaanzia kwenye ufito huo. Kwa sindano ya kroshia vuta kitanzi cha uzi kupitia mwanya wa kwanza wa kitana (mwanya, siyo tundu), tembea nacho mpaka dirishani, ukivike kwenye kijiti. Rudi, zungusha uzi kwenye ufito, vuta kitanzi cha pili kupitia mwanya wa pili. Kitanzi kimoja kipite juu ya ufito, kinachofuata chini. Vitanzi 35, nyuzi 70. Mkono ubebe uzi kwa mvuto uleule kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, uzi usikazwe wala usining'inie. Ukichoka, simama kabisa upumzike, kwa sababu mkono uliochoka hulegeza bila wewe kujua.

Vikiisha, funga mtande kwa utambaa karibu na dirisha, kata kwenye kijiti, uanze kukunja kwenye gogo la nyuma, mtu mwingine akishika upande wa pili kwa mvuto wa wastani. Kila mzunguko uwekee karatasi ngumu katikati, ya khaki au kalenda za mwaka jana, pana kuliko mtande. Bila karatasi, nyuzi za tabaka la pili huzama kati ya nyuzi za tabaka la kwanza, zingine huzama na zingine hazizami, na kila uliozama umezunguka njia fupi. Ukifika katikati ya skafu ndipo utaona nyuzi tano zimelegea na huelewi zilitoka wapi. Acha kukunja mtande unapobaki sentimita 30 mbele ya kitana.

Kila mwanya sasa una nyuzi mbili. Chukua mmoja uutie kwenye tundu la jirani, upande uleule siku zote. Ukimaliza, inua kitana. Nyuzi za matundu zinapanda, za mianya zinabaki, na mwanya wa kupitishia mshindio unafunguka. Kishushe, za matundu zinakwenda chini. Huko ndiko kufuma kote, juu na chini. Kagua kwa ubavu, macho yakiwa sawa na nyuzi. Uzi unaokata mwanya katikati umeingia tundu lisilo lake.

Funga mbele kwa mafungu ya nyuzi nane nane, la mwisho litabaki na sita, kwenye ufito wa gogo la mbele. Anza na fungu la katikati, kisha la mwisho kulia, la mwisho kushoto, ukijaza kuelekea kati, fundo moja tu la kwanza bila kulikaza la pili. Halafu fumba macho, pitisha kiganja juu ya mtande wote. Kiganja huhisi kile ambacho jicho halioni. Palipo laini, kaza fungu hilo. Palipo kama waya, legeza. Rudia mara mbili au tatu, kisha ndipo ufunge fundo la pili.

Safari za mwanzo zifume kwa vitambaa vilivyochanwa au uzi mnene wa kutupwa, sentimita 3 hivi, mpaka mafungu yaliyobanana yatawanyike na mtande uwe umeenea sawa. Hizo utazifumua baadaye. Mshindio wa kweli uviringe kwenye kijiti bapa cha mbao, kirefu kidogo kuliko upana wa nguo, chenye mkato kila mwisho. Usikijaze mpaka kinenepe, hakitapita mwanyani bila kukwaruza. Shindilia kwa kitana kikiwa sambamba na nguo, ukikileta taratibu, usikipige. Weka rula: safari tano katika sentimita mbili. Zikiwa saba, mkono ni mzito. Macho yako yatazame vijidirisha baina ya nyuzi. Vikiwa mraba, umepata. Usiogope nguo ikionekana kama wavu ikiwa kitandani. Ikitoka kwenye mvuto na kufuliwa, uzi hujaa nafasi zake.

Uzi wa mshindio ukiisha, usifunge fundo. Laza mpya juu ya wa zamani ndani ya mwanya uleule, kwa sentimita 3, siyo pembeni kabisa, ushindilie. Ncha zinazotokeza zikate baada ya kufua. Mtande ukikatika usianze kulia. Kata uzi mpya mrefu, upitishe kwenye tundu la marehemu, mbele uuzungushe kwenye pini iliyochomwa kwenye nguo, nyuma uufungie chupa ndogo yenye maji uning'inie. Baadaye ncha utazishona kwa sindano. Mstari wa mshindio ukianza kupinda kama tabasamu, kingo juu na kati chini, mvuto wa pembeni na wa katikati haulingani. Fungua mafungu ya mbele yanayohusika uyafunge upya, usijaribu kurekebisha kwa kushindilia upande mmoja.

Kata nguo ukiacha sentimita 15 kila mwisho, fumua vile vitambaa, funga matamvua kwa mafundo ya nyuzi nne nne yaliyogusa nguo, kisha fua kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, anika bapa. Kwa sababu mshindio wako ni akriliki, pasi isiguse ikiwa moto. Akriliki ikipata moto hulala ikateleza kama plastiki na haiamki tena.

Sasa kile kitanda cha Kisumu. Ukishafuma skafu tatu au nne ambazo zimetoka na upana ule ule mwanzo mpaka mwisho, nenda ukakitazame, na uende na futi kamba na tochi. Cha miguu kina kitana cha chuma cha kupanga na kushindilia, na fremu zake zenye vitanzi vya waya au uzi, ambazo kila kanyagio huinua au hushusha. Zikiwa fremu mbili, utafuma nguo wazi tu, ile ya juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Zikiwa nne, utaweza pia mistari ya mshazari kama ya jinzi. Chomoa kitana cha chuma ukitazame dhidi ya mwanga. Kutu hafifu ya juu hutoka kwa msasa mwembamba na mafuta, ukayafuta kabisa. Kutu iliyokula meno itakata mtande wako na kuutia madoa kila siku, na kupata kitana kingine cha kipimo hicho ni shughuli. Hesabu vitanzi. Nguo ya mita 1.2 kwa nyuzi 8 kwa sentimita inahitaji 960, na vingi huwa vimepotea stoo. Kaza breki za magogo, uning'inie kidogo kwa uzito wako, zisiteleze. Gonga mbao usikilize palipoliwa na wadudu. Pima pembe kwa pembe kama nilivyoeleza. Kamba zilizooza zisikutishe, hizo zinabadilishwa kwa siku moja, ila piga picha kila moja imefungwa tundu gani kabla hazijafunguliwa.

Upotevu wa mtande kwenye kitanda hicho ni kama sentimita 80 kila unapotanda, kwa hiyo hakikufai kwa skafu moja moja. Tanda mita kumi na tatu ufume tano kwa mfululizo. Chumba kiwe na nafasi ya mita mbili kwa mbili, pamoja na pa kupita nyuma. Na ukikisafirisha kwa njia ya Kericho, ambako mvua ya alasiri haikosi, kifunguliwe vipande, kila kiungo kipewe alama ya chaki, na turubai liwe juu yake hata kama Kisumu umeondoka na jua kali. Mbao iliyokauka stoo kwa miaka ikilowa, huvimba viungoni, na kitanda kilichokuwa mraba hakitakuwa mraba tena ukikiunga Njoro.